Je, Uvimbe Ukiguswa na Kisu Huamka?

Kuanzia Ukunda hadi Vanga, na bara kuelekea Kinango, kuna neno ambalo kila daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kwale amelisikia: uvimbe ukiguswa na kisu, huamka. Wengine husema hukasirika. Mwanamke mwenye donge kwenye titi huambiwa hivyo na mama mkwe, na jirani, na mganga, na wakati mwingine na mtu mwenye shahada. Na mfano huwa upo tayari: fulani alikuwa na donge dogo tu, akapasuliwa, mwaka haukwisha akazikwa.

Nalichukua neno hili kwa uzito leo kwa sababu mbili. Linaua, maana mwanamke anayeliamini hukaa nyumbani na donge lake hadi ngozi ipasuke. Halafu ndani yake mna swali la kweli, ambalo wapasuaji wa dunia wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 130. Majibu waliyoyapata yanamhusu mwanamke wa Msambweni sawasawa na yule wa London, ila yeye hakuna aliyeketi naye akamweleza.

Tuanze na huyo fulani aliyezikwa. Saratani ya titi haiui ikiwa bado imo ndani ya titi. Inaua ikifika kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Seli zake husafiri kwa mishipa ya damu na ya limfu, na safari hiyo huweza kuanza kimyakimya muda mrefu kabla mgonjwa hajahisi lolote kifuani au mgongoni. Mtu akifika hospitalini donge limeshapita sentimita 5, ngozi imejikunja, mitoki ya kwapani imegandamana, mara nyingi baadhi ya seli zimeshahama. Akipasuliwa Januari na mapafu yakaanza kumsumbua Septemba, familia huunganisha mambo hayo mawili, na si ajabu kuyaunganisha. Lakini ugonjwa uliomuua ulikuwa umeondoka kwenye titi kabla ya kisu kufika.

Ukubwa wa tatizo hili unaonekana kwenye hesabu. Kwa mwaka 2020, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba wanawake 6,799 nchini Kenya waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na 3,107 wakafa kwayo. Kwa kila wawili wanaogunduliwa, karibu mmoja anazikwa. Duniani kote mwaka huohuo waligunduliwa takriban milioni 2.26 na kufa 685,000, yaani chini ya mmoja kwa kila watatu. Pengo baina ya hesabu hizo mbili halitokani na saratani ya Kenya kuwa na sumu zaidi. Sehemu yake kubwa ni muda unaopotea kabla ya mgonjwa kutibiwa, na matibabu yanayoishia njiani.

Sasa turudi kwenye kisu. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini Baltimore, Marekani, William Halsted aliamini kwamba saratani hutambaa kutoka kwenye titi kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na kwamba mpasuaji akichimba mbali vya kutosha ataing'oa yote, kama muhogo unavyong'olewa pamoja na mizizi yake. Basi akawa anaondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na mitoki yote ya kwapa kwa pamoja. Mwaka 1894 alichapisha taarifa za wanawake 50. Ni 3 tu walioota uvimbe tena mahali palepale palipokatwa, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa muda wa miaka 80 hivi, upasuaji huo ukawa ndio sheria katika hospitali nyingi za ulimwengu. Wanawake walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba kwa maisha yao yote. Na wengi wao bado walikufa, kwa saratani iliyoibuka mifupani na mapafuni ilhali pale kifuani palikuwa safi.

Aliyeuliza kwa nini ni Bernard Fisher wa Pittsburgh. Alikuwa na wazo ambalo wapasuaji wenzake walilichukia: kwamba saratani ya titi tangu mapema ni ugonjwa wa mwili mzima, na kwamba kupanua eneo la kukata hakubadilishi hatima ya mgonjwa. Hakutosheka na kubishana. Kuanzia mwaka 1971, wanawake ambao mitoki yao ya kwapa haikuonekana kuugua waligawanywa kwa kura, wengine wakapata upasuaji ule mkubwa wa Halsted na wengine wakaondolewa titi tu, kwa mionzi au bila mionzi. Walikuwa 1,079, na wakafuatiliwa kwa miaka 25. Walioishi walikuwa sawa katika makundi yote. Kuanzia 1976 Fisher alikwenda mbali zaidi kwa kuwagawa wanawake kati ya kuondolewa titi lote na kuondolewa donge peke yake. Kule Milano, Italia, Umberto Veronesi alikuwa akifanya utafiti wa aina hiyo kwa wanawake 701. Matokeo ya miaka 20 ya tafiti hizo mbili yalitoka mwaka 2002, na yalisema jambo lile lile: mwanamke aliyebakishiwa titi lake na kupigwa mionzi aliishi muda sawa na yule aliyeondolewa titi lote.

Hivyo jibu la kwanza kwa neno letu la Kwale ni hili. Kama kisu kingekuwa ndicho kinachoamsha saratani, wale waliokatwa sana wangekufa zaidi ya wale waliokatwa kidogo. Haikuwa hivyo.

Hata hivyo, ipo hesabu moja katika utafiti wa Fisher ambayo kila mpasuaji wa Pwani angepaswa kuikariri. Miongoni mwa waliotolewa donge bila kupigwa mionzi, saratani ilirudi ndani ya titi lilelile kwa asilimia 39. Miongoni mwa waliopigwa mionzi, ilirudi kwa asilimia 14. Kukata kidogo kuna masharti. Kunadai mashine ya mionzi iliyo karibu na inayofanya kazi, na kunadai mtaalamu wa patholojia wa kuthibitisha kwamba kingo za kilichokatwa hazina saratani. Mwanamke anayekatwa donge tu katika kliniki ya mtaani, kisha akaambiwa aende nyumbani amepona, amepewa nusu ya tiba, na ni nusu iliyo hatari. Donge likirudi baada ya mwaka, mtaa mzima utasema liliamshwa.

Hapo ndipo jiografia ya kusini mwa Pwani inapoingia katika matibabu. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Kwale aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kwenda Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka kwao, na akaisubiri foleni ya nchi nzima. Sasa Hospitali ya Coast General mjini Mombasa ina kituo cha saratani chenye mionzi. Ni hatua kubwa, na waliokipigania wanastahili shukrani. Lakini mionzi ya titi kwa utaratibu wa zamani ni vipindi 25, siku tano kwa wiki, wiki tano. Kwa mtu wa Lunga Lunga au wa Vanga, hizo ni wiki tano za matatu, feri ya Likoni au mzunguko wa Dongo Kundu, nauli, na watoto kuachiwa shangazi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia matibabu hadi kiwango chake. Nauli hailipi, wala siku za shamba zilizopotea.

Kwa hiyo utafiti ninaoutazama kwa matumaini makubwa kuliko nyingine nyingi ni ule wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 4,096. Ulionyesha kwamba mionzi ya vipindi 5 ndani ya wiki moja haikuwa duni kwa ile ya vipindi 15 vya wiki tatu. Huko Uingereza hiyo ni nafuu kwa ratiba ya hospitali. Huku kwetu ndiyo tofauti kati ya mama anayekamilisha tiba na mama anayekatiza wiki ya pili kwa sababu nauli imekwisha. Pale ambapo mgonjwa anafaa na vifaa vinaruhusu, wataalamu wetu wa mionzi wawape kipaumbele wanaotoka mbali kupata ratiba hiyo fupi.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Je, kugusa uvimbe kwa kisu kunaweza kusukuma baadhi ya seli zitoke? Wanasayansi hawakulicheka swali hili. Rajendra Badwe na wenzake wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, walilifanyia utafiti katika vituo 11 vya India. Wanawake 1,600 wenye saratani ya titi iliyogunduliwa mapema waligawanywa kwa kura. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kawaida. Nusu nyingine, dakika 7 hadi 10 kabla ya kukatwa, walidungwa dawa ya ganzi ya lidokaini kuuzunguka uvimbe, ijapokuwa tayari walikuwa wamelazwa kwa nusukaputi na hawakuihitaji kwa maumivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni asilimia 90.1 ya waliodungwa na asilimia 86.4 ya wasiodungwa. Dhana yao ni kwamba ganzi hufunga njia za sodiamu kwenye seli za saratani na kuzipunguzia uwezo wa kuchomoka wakati uvimbe unaposhikwashikwa.

Nitakuwa mwangalifu hapa. Huo ni utafiti mmoja, na katika udaktari utafiti mmoja haubadilishi sheria peke yake; unahitaji kurudiwa na watu wengine mahali pengine. Zingatia pia kwamba hata katika kundi ambalo halikudungwa, zaidi ya wanawake 8 kati ya kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kisu ndicho kilichowaokoa. Ganzi iliongeza kidogo juu yake. Lakini lidokaini ni dawa ile ile ya kushonea vidonda, iliyo rahisi kupatikana kuliko dawa yoyote ya saratani. Hili ndilo swali ambalo hospitali kama ya Msambweni inaweza kulijibu kwa kushirikiana na wenzake wa Pwani, bila mashine ya mamilioni. Hofu ya bibi wa Kinango ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na utafiti umeitafutia dawa ya bei ndogo. Kilichobaki uongo ni lile hitimisho kwamba basi asipasuliwe.

Badwe huyohuyo alileta jibu jingine ambalo ni gumu kulisikia. Mwaka 2015 alichapisha utafiti wa wanawake 350 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini tayari walipofika hospitalini. Waliokatwa titi hawakuishi zaidi ya wasiokatwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa baadaye ukapata hivyohivyo. Ule wa Uturuki ulionyesha faida fulani, ila makundi yake hayakulingana vizuri tangu mwanzo. Maana yake kwa Kwale ni nzito, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa katika hatua hiyo. Familia inauza ng'ombe au kipande cha shamba ili titi likatwe, ikiamini kwamba kukatwa ndiko kupona. Mpasuaji mwaminifu anapaswa kusema hapana, aelekeze fedha hizo kwenye dawa na kwenye kutuliza maumivu, na kisu akitumie tu ikiwa kidonda kinatoka damu au kinanuka kiasi cha kumfanya mgonjwa ajifiche watu wasimwone. Kumrudishia mama uwezo wa kukaa barazani na wenzake ni kazi halali ya upasuaji, mradi aambiwe wazi kwamba hiyo ndiyo kazi inayofanywa.

Na ile hofu nyingine, kwamba watu hufia mezani? Mwaka 2021 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa wagonjwa 15,958 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, tumbo na utumbo mpana katika hospitali 428 za nchi 82. Kwa tumbo na utumbo, wagonjwa wa nchi maskini walikufa zaidi ndani ya siku 30, hasa kwa sababu yakitokea matatizo baada ya upasuaji hakuna wauguzi na vifaa vya kuwaokoa upesi. Kwa titi, tofauti hiyo haikuonekana. Upasuaji wa titi ni miongoni mwa ule ulio salama kabisa, hata kwetu.

Nikiulizwa ni kifaa gani katika chumba cha upasuaji cha kaunti kinachostahili kuangaliwa zaidi, nitataja chupa ya fomalini. Kilichokatwa kikitoka mwilini kinaanza kuoza papo hapo, na joto la Pwani halina subira. Kinatakiwa kiwe ndani ya fomalini iliyotengenezwa sawasawa kabla ya saa moja kupita, fomalini iwe nyingi kuliko mnofu mara kadhaa, na titi zima lichanjwe ili dawa ipenye hadi katikati. Likikaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72, maabara inaweza kupima iwapo saratani hiyo inalishwa na homoni. Likibanwa kwenye chupa ndogo, likasubiri gari la Jumatatu, vipokezi vya homoni huharibika na jibu hutoka hasi wakati lilipaswa kuwa chanya.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba saratani ya titi ya mwanamke Mwafrika mara nyingi haina vipokezi hivyo. Mwaka 2014 Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha uchunguzi wa vipande 301 kutoka Kenya. Zaidi ya 7 kati ya kila 10 vilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Sehemu ya imani ile ya zamani ilikuwa imejengwa juu ya vipande vilivyoharibika vikisubiri kupimwa. Na tofauti hii haiishii kwenye makaratasi. Mwanamke mwenye vipokezi anafaa kutumia tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5, ambacho hupunguza vifo vya saratani ya aina hiyo kwa karibu theluthi moja. Ni kidonge ambacho hospitali ya kaunti inaweza kukinunua. Chupa mbaya ya Ijumaa jioni humnyima mama dawa hiyo, na hakuna atakayejua kwamba alinyimwa.

Msambweni si mahali pageni kwa utafiti, na hili watu wetu wengi wamelisahau. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, pamoja na wataalamu wa Wizara ya Afya ya Kenya, walifuatilia kichocho katika vijiji vya Msambweni, wakapima mkojo wa watoto wa shule, wakawatibu kila mwaka, wakalinganisha dawa, wakatazama vibofu kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu kutibu kichocho kwa jamii nzima yalipimwa hapa. Na kichocho kina mkono wake katika habari yetu ya leo, kwa kuwa tangu 1994 minyoo yake inatambuliwa rasmi kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Kijana anayekojoa damu leo akaambiwa ni ukubwa unaingia, huenda akarudi akiwa mzee na uvimbe ambao kuutoa kunataka kuondoa kibofu kizima. Vidonge vya prazikwanteli utotoni vinamwepusha na kisu hicho.

Kabla ya hapo alikuwepo Denys Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa mataya na kuandika habari zao mwaka 1958. Alituma maswali na picha kwa hospitali za Afrika nzima akiuliza nani ameuona. Mwaka 1961 akaendesha gari na wenzake wawili kwa maili 10,000, hospitali hadi hospitali. Ramani aliyoichora ilifuata joto na mvua, na ukanda wetu wa Pwani umo ndani yake. Uvimbe huo ulishindikana kwa kisu na ukasalimu amri kwa dawa, naye mpasuaji alikuwa wa kwanza kulikubali hilo. Alianza na ruzuku ndogo mno, na silaha yake kubwa ilikuwa daftari.

Daftari ndilo tunalokosa Kwale. Makadirio ya kitaifa niliyoyataja yametegemea zaidi kumbukumbu za Nairobi na Eldoret. Mama wa Kwale anahesabiwa kwa kukisiwa kutoka kwa wenzake wa mbali. Kaunti hii ilikuwa na watu 866,820 katika sensa ya 2019, na kila uvimbe wa titi unaokatwa hapa unastahili mstari wake: siku mama alipoligundua donge, siku alipofika zahanati, siku alipokatwa, siku majibu ya maabara yalipotoka, iwapo alimaliza tiba, iwapo yu hai baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza. Bila mistari hiyo hatuwezi hata kusema tuko umbali gani na siku 60. Naiomba serikali ya kaunti iajiri mtu wa kazi hiyo mmoja tu katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, kabla haijafikiria kununua mashine nyingine ya kuzinduliwa kwa utepe.

Nawe msomaji, hasa mama na dada, madonge mengi ya titi si saratani, lakini hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kuligusa tu. Donge likipita mwezi mmoja halijaondoka, nenda kituo cha afya, na kabla hujakubali kukatwa omba kipimo cha sindano. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba sindano hiyo inafupisha maisha. Ukikatwa chochote, popote, uliza kimepelekwa maabara ipi na majibu yatatoka lini. Ukiambiwa kimetupwa, nenda hospitali nyingine wiki hiyohiyo. Karatasi ya majibu ikitoka, iweke pamoja na kitambulisho chako, maana kila daktari utakayemwona baadaye ataihitaji.